Kilele Kimekaa Pabaya: Kutafuta Kosa Unapopima Masi ya Viini Vyenye Neutroni Nyingi

Umesubiri miezi upewe mwale wa ioni, umepewa siku tatu tu, na sasa grafu ina kilele. Ila hakijakaa pale ulipokitarajia. Kimesogea kidogo kushoto, au kimenenepa kuliko jana, au viko viwili. Kabla hujamwamsha mtu kumwambia umegundua fizikia mpya, pitia haya. Nimeyapanga kwa dalili, kwa sababu saa tisa usiku unachokiona ni dalili. Sababu huijui bado.

Kwanza tuelewane kuhusu mizani yenyewe. Ndani ya mtego wa Penning, ioni hushikwa na uga wa sumaku wenye nguvu pamoja na volti kidogo za umeme, nayo huzunguka. Marudio yake, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde, ni chaji mara uga wa sumaku, gawanya kwa 2π mara masi. Uga wenyewe hatuupimi moja kwa moja. Tunapima ioni tusiyoijua, tunapima ioni ya rejea ambayo masi yake inajulikana vizuri (sesiamu-133 ni kipenzi cha wengi; namba ni jumla ya protoni na neutroni za kiini), tunagawanya, na uga unajifuta wenyewe.

Chukua bati-132 yenye chaji moja ndani ya sumaku ya tesla 7, kama ile ya mtego wa JYFLTRAP kule Jyväskylä, Finland. Inazunguka kama mara 814,000 kwa sekunde. Masi yake, ukiigeuza kuwa nishati, ni kama GeV 123 (keV ni elektronivolti elfu, MeV ni milioni, GeV ni bilioni). Kwa hiyo Hz 1 (mzunguko mmoja kwa sekunde) ukikosea, umekosea keV 150. Wanaochora jinsi dhahabu na urani zinavyopikwa kwenye migongano ya nyota za neutroni wanataka shaka isizidi keV 100, na wanaochunguza muundo wa kiini wanataka kumi au pungufu. Namba hiyo ya 150 iweke kichwani, maana tutairudia.

Hakuna kilele kabisa

Sababu ya kawaida kuliko zote ni ya kijinga, na ndiyo maana huwa inaangaliwa mwisho: muda wa milango. Ioni hupita kwenye kipozeo cha heliamu, mtego wa kwanza, bomba, mtego wa pili, na kila hatua ina lango linalofunguka kwa mikrosekunde chache tu. Muda wa safari hufuata kipeuo cha pili cha masi. Ukitoka kwenye sesiamu-133 kwenda kwenye masi 82 bila kubadilisha nyakati, ioni zako zitawahi kwa zaidi ya moja ya tano ya muda na kukuta mlango umefungwa. Tengeneza jedwali la nyakati kabla ya zamu. Usilifanye kwa kichwa.

Sababu ya pili ni kwamba kiini kimekufa njiani. Jumlisha muda wote, kuanzia kupoza na kusafisha hadi kuzungusha na kutoa, kisha linganisha na nusumaisha. Baada ya nusumaisha tatu umebaki na moja ya nane, na hiyo ni kabla ya hasara nyingine zozote. Lithiamu-11 ina nusumaisha ya milisekunde 8.8, na bado wenzetu wa TITAN kule Vancouver, Kanada, waliipima kwenye mtego wa Penning na kuchapisha mwaka 2008. Waliweza kwa kubana kila hatua. Ukiacha kipozeo kwenye milisekunde 300 kwa sababu ndivyo ulivyokikuta, hutaona kitu.

Sababu ya tatu ni kemia, na wanafizikia tunaidharau kuliko tunavyopaswa. Kriptoni iliyong'olewa elektroni moja inaitamani sana elektroni hiyo, kiasi cha eV 14. Ikikutana na molekuli ya maji iliyojificha ndani ya heliamu, inamnyang'anya mwenzake, kwani maji huishikilia elektroni yake kwa eV 12.6 tu. Kriptoni ikishakuwa haina chaji, mtego hauioni tena. Bati haliwezi kufanya hivyo, maana nguvu yake ni eV 7.3 tu, lakini bati na metali nyingine zinaweza kunasa oksijeni au molekuli nzima ya maji. Basi kabla hujasema mwale haupo, tafuta juu zaidi kwa vizio 16 na 18 vya masi. Ukikuta ioni zako zimevaa maji, umepata jibu: heliamu ni chafu au bomba linavuja. Pitisha heliamu kwenye mtego uliopozwa kwa nitrojeni kimiminika, pasha mabomba moto yatoe unyevu, kisha jaribu upya.

Kilele kipo, lakini ni cha nani?

Hapa ndipo watu huangukia. Wahenga walisema mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo, na sijui kama kuna methali inayoueleza mtego wa Penning vizuri zaidi. Kilele kizuri, chembamba, chenye takwimu safi, kinaweza kabisa kuwa cha kiini kingine chenye idadi ileile ya protoni na neutroni kwa jumla, yaani isobari.

Tatizo lenyewe hutegemea mahali ulipo. Jyväskylä hugonganisha protoni na urani ndani ya gesi ya heliamu, na gesi haibagui: kila kipande cha mpasuko kinatoka, majirani wote wa masi ileile kwa pamoja. Kule ISOLDE, kituo cha maabara ya CERN karibu na Geneva, protoni za GeV 1.4 hupiga kabidi ya urani yenye moto mkali, na zinazotoka ni zile zinazopenda kutoka. Sesiamu na rubidiamu zinapenda mno. Hazihitaji leza ya kuzing'oa elektroni wala kubembelezwa. Zikigusa tu ukuta wa moto zimeshakuwa ioni. Ukiwinda bati-132 huku sesiamu-132 ikimwagika, kuzitenganisha unahitaji uwezo wa kutofautisha wa kama 12,000, kwa kuwa tofauti yao ni MeV 10.6 hivi kati ya GeV 123. Kipimo cha muda wa kuruka chenye vioo vya umeme, ambamo ioni hudundishwa huku na huku mara mamia au maelfu, hufika 100,000 ndani ya milisekunde chache. Kwa hiyo kutenganisha si kazi. Kazi ni wingi. Sesiamu ikizidi bati mara elfu kumi, ioni zake hujazana ndani ya kipimo hadi zinasukumana, vilele vinavutana, na hata ioni chache unazozitaka hupotea kwenye mkia wa kilele kikubwa.

Zinki-82 ni kisa kizuri cha jambo hili. Adui wake alikuwa rubidiamu-82. Kundi la ISOLTRAP, wenye mtego wa Penning kule ISOLDE, lilipoipata hatimaye na kuchapisha mwaka 2013, lilikuwa limepanga ulinzi kuanzia mwanzo wa njia: protoni hazikupiga urani moja kwa moja bali kipande cha metali kando yake ili neutroni ndizo zipasue, mvuke ukapitishwa kwenye mrija wa kwatsi unaoibakiza rubidiamu, leza zilizopangwa kung'oa elektroni za elementi moja tu zikachagua zinki, kisha ndipo kile kipimo cha vioo kikasafisha kilichobaki. Masi hiyo ilitumika kuchora upya ganda la nje la nyota ya neutroni. Ninachotaka ukione ni kwamba usafi ulitengenezwa kabla ioni haijafika kwenye mtego. Ukianza kusafisha kwenye mtego umechelewa.

Utajuaje basi kilele ni chako? Kuna majaribio matatu, na mimi huyafanya kwa mpangilio huu.

Zima leza. Kilele kikianguka, ni cha elementi iliyochaguliwa na leza. Kikibaki kama kilivyo, ni mgeni aliyejileta mwenyewe. Jaribio hili linachukua dakika tano na limeniokoa mara nyingi kuliko programu yoyote ya uchambuzi. Kwenye maabara zisizotumia leza huna bahati hiyo, ruka hatua.

Subirisha ioni. Zishikilie kwenye mtego wa kwanza kwa muda mrefu zaidi, kisha uone zinapungua kwa kasi gani. Molekuli tulivu haipungui kwa namna hiyo. Kiini chenye nusumaisha ya milisekunde 200 ukikisubirisha milisekunde 600, kinapaswa kubaki moja ya nane. Kumbuka pia kwamba kiini kikitoa beta ndani ya mtego, mtoto wake anabaki na chaji mbili, kwa hiyo marudio yake yanakuwa karibu mara mbili ya ya mama. Wengine humtafuta kwa makusudi.

Hesabu molekuli. Andika programu ndogo inayojaribu michanganyiko yote: oksidi, floridi, hidridi, ioni zenye chaji mbili za masi mara mbili. Utashangaa ni mingapi inaangukia ndani ya keV chache za "ugunduzi" wako.

Kilele kimenenepa

Njia ya zamani ya mtego wa Penning hutazama muda wa kuruka: ioni iliyozungushwa kwa marudio sahihi hutoka na nishati zaidi na kufika mapema kwenye kigunduzi, hivyo kwenye grafu unaona bonde, siyo kilele (nikisema kilele katika sehemu hii, nina maana ya bonde hilo). Upana wa bonde hilo ni takriban moja gawanya kwa muda wa kuzungusha. Milisekunde 200 hukupa Hz 5. Ukirefusha muda mara mbili, upana unapaswa kupungua nusu.

Usipopungua, kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya kuanza kufikiria makubwa. Gesi iliyobaki ndani ya ombwe inaigonga ioni na kuipunguza kasi. Ishara yake ni kwamba mabonde madogo ya pembeni yanafifia kadiri unavyorefusha muda. Jambo la pili ni ukubwa wa mawimbi ya redio. Muda ukiurefusha mara mbili, ukubwa huo wa mawimbi upunguze nusu, la sivyo ioni inapitiliza: inabadilishwa mwendo, kisha inarudishwa ilikotoka. Bonde la katikati linakuwa la kina kifupi na la ajabuajabu. Kila mwaka kuna mtu anasahau hili. Mwaka jana nilikuwa mimi.

Yote hayo yakiwa sawa na kilele bado ni kinene, fikiria isomeri: kiini kilekile, protoni zilezile, neutroni zilezile, ila kimebaki na nishati kidogo ambayo hakijaitoa. Huku kwenye neutroni nyingi, hasa karibu na bati-132, isomeri zimejaa. Na mpasuko wa urani unapendelea viini vinavyozunguka kwa kasi, kwa hiyo mara nyingi unayemnasa kwa wingi ni yule mwenye nishati ya ziada, na yule wa chini ambaye ndiye unayemhitaji yuko kwa uchache.

Hebu tupige hesabu. Upana wa Hz 5, kila Hz ni keV 150: umefunika keV 750. Isomeri yenye keV 100 imelala humohumo ndani na hutaiona kwa macho. Utapata kilele kimoja kizuri ambacho si cha huyu wala si cha yule. Ukiwa huwezi kuzitenganisha na hujui mchanganyiko wake, ipo kanuni inayotumiwa na watunzaji wa jedwali la dunia la masi za atomu: toa nusu ya nishati ya isomeri, kisha ongeza shaka ya asilimia 29 ya nishati hiyo. Kwa keV 100, unatoa 50 na kuongeza shaka ya 29. Wengi hawapendi kufanya hivyo maana inaharibu namba yao nzuri. Mimi nakwambia ifanye. Masi yenye shaka ya keV 30 iliyo sahihi inatumika miaka ishirini. Yenye shaka ya 3 iliyokosewa kwa 50 inapotosha kila anayeitumia, na hakuna atakayejua mpaka mtu mwingine aipime tena.

Dawa halisi ni njia ya awamu, iliyoletwa na kundi la SHIPTRAP kule GSI, Darmstadt, mwaka 2013. Badala ya kutafuta bonde, unaiachia ioni izunguke kwa muda fulani, kisha unaitupa kwenye kigunduzi kinachoona mahali ilipoangukia. Pembe ya doa inakwambia imezunguka kiasi gani, kama mshale wa saa. Isomeri na kiini cha chini huwa madoa mawili yaliyoachana. Hii imebadilisha kazi yetu kabisa. Nayo imekuja na makosa yake mapya.

Doa ni safi, jibu limekosea kwa mamia ya keV

Mshale wa saa unaoelekea tatu haukwambii umezunguka mara ngapi kabla ya kufika pale. Ukikosea idadi ya mizunguko kwa mmoja tu, ukiwa na muda wa milisekunde 200, marudio yanakosea kwa Hz 5 kamili. Kwa masi 132 hiyo ni keV 755.

Kwa hiyo ukiona jibu lako limeachana na matarajio kwa keV 750 hivi, au 1,500, usisherehekee. Badilisha muda wa kuzunguka uwe 190, kisha 217, kisha 143. Idadi sahihi ya mizunguko ni ile inayokupa masi moja kwa nyakati zote. Namba zisiwe na uhusiano mzuri kati yao. 100, 200 na 400 hazikusaidii sana.

Ipo dalili ndogo zaidi inayokera: ukibadilisha muda wa kuzunguka kidogokidogo, masi inapanda na kushuka kwa mpangilio kama wimbi. Hiyo ni mabaki ya mwendo mwingine, wa polepole, wa ioni kuzunguka katikati ya mtego, wenye marudio ya kilohezi moja na ushei. Ulipaswa kuuzima kabla ya kuanza, haukuzimika wote. Dawa: pima kwenye nyakati kadhaa zilizotawanyika ndani ya wimbi moja zima, ambalo halifiki hata milisekunde moja, kisha utoe wastani. Na doa la katikati lipime upya kila baada ya saa chache. Katikati ikihama, pembe zote zimehama nayo.

Wanaobaki na njia ya bonde lakini wakaipiga ioni mawimbi ya redio mara mbili, kwa vipindi vifupi vilivyoachana muda, wana hatari ya aina hiyohiyo: grafu yao ina mabonde mengi yanayofanana, na ni rahisi kuchukua la pembeni ukidhani ni la katikati. Anza na wimbi moja refu lisilokatika ili ujue katikati ni wapi, halafu ndipo ukate.

Jibu linahama kadiri usiku unavyokwenda

Sumaku ya tesla 7 hupoteza uga wake taratibu mno, na kila badiliko la joto la chumba au shinikizo la heliamu ndani ya tangi lake linaongeza yake. Kundi la ISOLTRAP walichapisha mwaka 2003 kipimo chao: uga hubadilika kwa njia isiyotabirika kama sehemu 6.4 katika 10¹¹ kwa kila dakika inayopita kati ya rejea mbili. Ukiacha saa mbili kati ya sesiamu na sesiamu, hiyo ni kama keV 1 kwa masi 132. Kwa kiini chenye ioni mbili kwa saa utalazimika kuvumilia. Kwa chenye ioni nyingi, rudi kwenye rejea kila nusu saa.

Mruko wa ghafla ni habari nyingine. Angalia nani kapita. Kreni ya juu, toroli la mitungi ya gesi, mlango wa chuma wa jirani. Kwenye daftari la zamu andika hata upuuzi, kwa sababu kesho utautafuta.

Kama masi inahama si kwa saa bali kwa idadi ya ioni zilizomo, basi una mgeni ndani ya mtego. Ioni zinazofanana haziharibiani hesabu. Ioni za aina mbili zenye masi zinazokaribiana ndizo zinazosukumana, na kwa kawaida marudio hushuka, masi ikaonekana kubwa kuliko ilivyo. Gawa data yako makundi matatu: mara zilipoonekana ioni moja, mbili, tatu au zaidi. Chora masi ya kila kundi kisha vuta mstari kurudi nyuma hadi ioni moja ya kweli, ukikumbuka kwamba kigunduzi hakioni zote. Mstari ukiwa na mteremko, tumia kile ulichokipata mwishoni mwa mstari, shaka yake ikiwa kubwa kiasi hicho, na urudi kwenye sehemu ya "ni cha nani".

Kila kitu kiko sawa ila keV nne

Hiki ni kisa changu, na kosa ni langu. Nikiwa mwanafunzi nilipewa data ya viini vya masi 132, rejea ikiwa sesiamu-133. Uchambuzi wangu ulitoka safi, isipokuwa kila kiini kilichojulikana vizuri kilitoka chepesi kwa karibu keV 4. Si kimoja, vyote. Nikaandika kurasa tatu kuhusu mtego kutolingana na mhimili wa sumaku. Nikamtumia kaka mmoja aliyenitangulia, mtu wa pwani mwenzangu aliyekuwa maabara nyingine, picha ya grafu pamoja na maelezo marefu. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Mdogo wangu, elektroni umeirudisha?"

Sikuwa nimeirudisha. Jedwali linatoa masi ya atomu, mtego unapima ioni. Unapaswa kutoa elektroni moja kwenye rejea, kuzidisha kwa uwiano wa marudio, kisha kuirudisha. Nilizidisha masi ya atomu moja kwa moja. Elektroni ni keV 511, na kwa 132 dhidi ya 133 kosa linabaki 511 mara moja ya 133, yaani keV 3.8. Ubaya wake ndio huo: ni dogo kiasi cha kufanana na fizikia. Rejea ingekuwa rubidiamu-85 ningekosea kwa zaidi ya keV 280 na ningejua siku ileile.

Ndiyo maana rejea iwe karibu na unachokipima kadiri inavyowezekana. Makosa mengi ya mtego, pamoja na ya mchambuzi, hukua kadiri masi mbili zinavyoachana.

Umekagua yote, na bado hulingani na jedwali

Angalia kwanza kama thamani ya jedwali ina alama ya reli (#). Alama hiyo maana yake haijapimwa. Imekisiwa kwa kufuata mwenendo wa majirani. Kutofautiana nayo kwa keV 300 si habari. Kisha chora nishati ya kutoa neutroni mbili kwa mfululizo mzima wa elementi hiyo. Mbili, siyo moja, kwa sababu neutroni hupenda kukaa wawiliwawili na kwa moja utaona meno ya msumeno tu. Mstari huo kwa kawaida hushuka taratibu, na huanguka ghafla baada ya idadi za kichawi kama 50 na 82, yaani idadi za neutroni zinazojaza ganda zima la kiini na kukiimarisha. Nukta yako ikiruka peke yake na majirani wametulia, rudi mwanzo wa mwongozo huu.

Lakini kuna siku jedwali ndilo linalokosea. Bati-134 ina neutroni 84, mbili tu kupita 82. Masi yake ya zamani ilitokana na nishati ya miale ya beta, na ilionyesha kana kwamba ngome ya 82 imelegea. Mwaka 2008 kundi la ISOLTRAP lilichapisha kipimo cha moja kwa moja cha bati-132 na bati-134: thamani ya zamani ya 134 ilikuwa imekosewa kwa MeV 0.5. Kwa masahihisho hayo ngome ilirudi, na pengo lake (ukubwa wa ule mwanguko wa ghafla) kwa bati-132, kiini cha sekunde 40 tu, likawa kubwa kuliko la kalsiamu-48 iliyo tulivu.

Thamani za beta zina ugonjwa wake unaofahamika tangu 1977. Kiini mtoto huzaliwa kwenye ngazi nyingi za juu, miale ya gama inayotoka huko ni dhaifu na imetawanyika, vigunduzi haviioni, na mpimaji anadhani mtoto alizaliwa ngazi ya chini. Jumla ya nishati inatoka pungufu, na mama anaonekana mwepesi kuliko alivyo. Kwa hiyo ukikuta kiini chako ni kizito kuliko jedwali kwa keV mia kadhaa, tazama jedwali lilipata wapi namba yake. Ikiwa ni beta peke yake, una haki ya kuendelea.

Kuendelea kwenyewe ni hivi: tafuta mtu aipime kwa njia isiyofanana na yako. Mwaka 2018 makundi mawili yalichapisha kwa wakati mmoja masi za viini vya neodimiamu, samariamu na jamaa zao vinavyohusika na kilima cha elementi adimu za ardhini, yaani pale wingi wa elementi hizo unapopanda kwenye grafu karibu na masi 160. Jyväskylä walipasua urani kwa protoni na kutumia bonde la muda wa kuruka. Wale wa Argonne, karibu na Chicago, walichukua vipande vya kalifoniamu-252 inayopasuka yenyewe, na wakatumia awamu. Chanzo tofauti, wageni tofauti ndani ya mtego, programu tofauti. Ukimpata mwenza wa namna hiyo, usimtumie jibu lako kabla hajamaliza la kwake.